Zulia Lisilo na Mchoro

Bibi yangu mzaa mama alikuwa msukaji mikeka, huko Makunduchi. Alikaa barazani miguu kainyoosha, ncha ya ukili kaibana kwa kidole cha mguu, mikono inakwenda yenyewe huku yeye akiamkiana na wapita njia. Sikumwona hata siku moja akichora kitu kabla ya kusuka. Ukimuuliza, "Bibi, huu utatoka vipi?" hukujibu, "Ngoja uishe, tutauona."

Jibu hilo lilinirudia niliposoma habari za wafumaji wa mazulia wa Fars, mkoa wa kusini mwa Iran ambao mji wake mkuu ni Shiraz. Sisi watu wa kusini Unguja jina hilo tumezaliwa nalo. Wengi wetu hujiita Washirazi, na msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Lakini tukiitaja Shiraz huwa tunataja nasaba: nani katoka kwa nani, majahazi mangapi yalikuja. Mara chache tunauliza watu wa huko leo wanafanya nini kwa mikono yao, na hilo linaniuma.

Wanafuma. Hasa wafugaji wa kuhamahama, Waqashqai na wenzao, ambao miaka nenda miaka rudi wamehama na kondoo baina ya nyanda za joto upande wa Ghuba ya Uajemi na milima ya baridi. Wanaume hukata sufu na kuunda kitanda cha kufumia, nacho hulazwa chini ardhini. Wanawake husokota nyuzi na kuchagua rangi: nyekundu ya mizizi, buluu ya nili, maganda ya komamanga, maganda ya jozi, hata majani ya saladi. Kisha hukaa wakafunga fundo baada ya fundo, bila karatasi mbele yao, wakitia zuliani kile walichokiona njiani na malishoni. Binti hujifunza kwa kukaa ubavuni mwa mama yake. Ndiyo maana husemwa kuwa mfumaji wa Fars hawezi kufuma mazulia mawili yaliyo sawasawa.

Hata rangi moja haiwi moja. Nyuzi zilizopikwa leo na zilizopikwa mwezi ujao hutoka ndugu, hazitoki pacha, na katikati ya uwanja mwekundu utaona mstari ambapo wekundu umepoa kidogo. Wenyewe huita abrash. Asiyejua huiona kuwa ni kasoro. Ajuaye huitafuta kwa macho kabla hajaligeuza zulia kuhesabu mafundo.

Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza ujuzi huu katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Mwaka uliofuata ikaingia lenji, chombo cha mbao cha Ghuba, lakini hiyo kwenye orodha ya vinavyohitaji kuokolewa haraka: manahodha waliosafiri kwa jua, mwezi na nyota, na kujua jina la kila upepo, wamebaki wachache na wengi ni wazee. Neno nahodha lenyewe tumelipata kwao. Nazishukuru orodha hizo. Ila orodha haisokoti uzi, na nina wasiwasi na watu wanaodhani kuhifadhi mila ni kuikamata isisogee.

Tazama Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya. Kwao ni siku ya kwanza ya majira ya machipuko, Machi 20 au 21. Hupanga vitu saba vinavyoanza kwa herufi sin, na siku ya kumi na tatu familia nzima hutoka kwenda kula penye majani mabichi. Kwetu ni Julai, wanaume wanachapana kwa vigogo vya migomba, kibanda kinachomwa moto, na wanawake wanaimba bila kumficha mtu. Siku zimeachana kwa sababu wao waliirekebisha kalenda yao mwaka 1079, Omar Khayyam akiwa miongoni mwa wanazuoni wa kazi hiyo, na hesabu ya pwani yetu ikabaki na siku 365 kavu, ikirudi nyuma siku moja kila miaka minne. Hakuna aliyekosea. Uzi mmoja umepita mikono miwili.

Kwa hiyo ninapowafikiria wale wanawake wa Fars, simwogopi sana mwenye mashine. Namwogopa mnunuzi anayetaka manne ya sare. Kashan, mji mwingine wa Iran, wana mazulia yafumwayo kwa kufuata mchoro, nayo ni sanaa kubwa yenye heshima yake. Lakini ukimpelekea mama wa Kiqashqai karatasi ya mchoro wa miraba umemgeuza mhesabu miraba, na binti aliyekaa ubavuni mwake atarithi kuhesabu.

Nimeyaona haya barazani kwetu. Mwenye duka mmoja alikuja kuagiza mikeka ishirini, yote myeupe yenye mistari miwili ya zambarau, upana ule ule. Pesa zilikuwa nzuri na bibi alizihitaji. Alisuka kimya, yeye aliyekuwa haachi kuzungumza. Mkeka wa kumi na moja mkono ulimponyoka, akatia kijani na wekundu pembeni, na vijumba vidogo alivyoviita macho ya kuku. Mwenye duka akaukataa. Binamu zangu walijifunza kusuka mwaka ule, na mpaka leo wanajua ule wa mistari miwili tu.

Ule uliokataliwa ninao mimi. Wekundu wake umefifia upande uliokuwa ukipigwa na jua, na kwenye pindo moja macho ya kuku ni manane, kwenye jingine ni tisa.