Dripu ya saa kumi usiku: ni nini hasa kilichoshindwa?

Mtajie daktari wa saratani tibakemikali inayofuata saa ya mwili, na mara nyingi jibu litakuwa fupi: ilijaribiwa, ikashindwa. Anachokumbuka ni jaribio la Ulaya lililochapishwa 2006. Wagonjwa 564 wenye saratani ya utumbo mpana iliyosambaa waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipata FOLFOX ya kawaida, mchanganyiko wa dawa ambao kuu zake ni fluorourasili na oksaliplatini, jingine likafungiwa pampu iliyopandisha na kushusha dawa kwa saa maalumu. Wastani wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 19.6 kwa wa pampu na 18.7 kwa wenzao. Kitakwimu, hakuna tofauti. Faili likafungwa.

Lilifungwa mapema mno.

Wazo lenyewe halikuokotwa. Fluorourasili huvunjwa zaidi na ini, na kimeng'enya kinachoivunja hupanda na kushuka kwa saa, kama zinavyofanya chembe za uboho na za utando wa matumbo zinapogawanyika. Francis Lévi na wenzake wa Villejuif, nje kidogo ya Paris, wakaipanga pampu ya kubebeka ili fluorourasili ifike kilele saa kumi usiku na oksaliplatini saa kumi jioni. Dozi kali ya fluorourasili ilipanda mgonjwa akiwa usingizini. Mwaka 1997 walitoa matokeo ya wagonjwa 186: uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 51 ya waliofuata saa, dhidi ya asilimia 29 ya waliotiririshiwa dawa kwa kasi ileile usiku na mchana. Vidonda vikali vya mdomo na utando viliwapata asilimia 14, dhidi ya 76. Aliyewahi kumuuguza mtu anayeshindwa kumeza hata uji anajua uzito wa tofauti hiyo.

Wapinzani wana hoja, tena nzito. Kundi la kulinganishia la 1997 lilikuwa dhaifu: kutiririsha oksaliplatini siku tano mfululizo si utaratibu wa kliniki za leo, ambako huingia kwa saa mbili hivi. Uvimbe ulisinyaa, lakini urefu wa maisha haukutofautiana. Na ilipopambanishwa na FOLFOX, faida ikayeyuka.

Lakini tazama ndani ya lile jaribio la 2006. Kwa wanaume, pampu ilipunguza hatari ya kufa kwa asilimia 25. Kwa wanawake iliiongeza kwa asilimia 38. Ukichanganya maji ya moto na ya baridi upate vuguvugu, huwezi kusema moto haukuwa na kazi! Mtakwimu mwangalifu atanionya, na ana haki: kata data vipande vya kutosha, kimojawapo kitakupa unachokitafuta. Ningenyamaza kama hesabu ingeishia hapo. Mwaka 2012 majaribio matatu yenye jumla ya wagonjwa 842, likiwamo hilohilo la 2006, yaliunganishwa. Wanaume waliofuata saa: miezi 20.8 dhidi ya 17.5. Wanawake: 16.6 dhidi ya 18.4. Miezi mitatu na ushee kwa mwanaume mwenye ugonjwa uliosambaa si kitu cha kupuuzwa. Zipo dawa za bei kubwa zilizoshangiliwa kwa pungufu ya hapo. Miezi karibu miwili aliyopoteza mwanamke nayo haipaswi kufichwa ndani ya wastani.

Kisha likaja jaribio la irinotekani, dawa nyingine ya saratani hiyo, lililochapishwa 2020, ambapo wagonjwa 193 walipangiwa kwa kura kilele cha dawa katika nyakati 6 tofauti za siku. Wanaume waliivumilia vyema zaidi asubuhi, wanawake mchana kuelekea alasiri. Lilipima madhara zaidi kuliko uhai, na wanawake walikuwa wachache, kwa hiyo halimalizi ubishi. Linachofanya ni kudhoofisha dhana ya saa moja inayowafaa wote, ambayo ndiyo iliyoshindwa 2006.

Kikwazo kingine ni cha wodini. Saa ya dripu huamuliwa na kiti kilichobaki wazi na muuguzi aliye zamu, na FOLFOX haihitaji pampu ya kupangiwa kila saa. Hospitali ikiukwepa usumbufu huo kwa sababu ya gharama, namwelewa anayeamua. Ila aseme ni gharama, asiseme sayansi imekataa. Kinachodaiwa sasa ni jaribio litakalowapangia wanawake ratiba yao tangu mwanzo, na mpaka lifanyike, mwanamke asipewe ile ya saa kumi usiku nje ya utafiti.