Wauza Masega wa Nairobi

Jumamosi nilipeleka gari kwa fundi mmoja huku Eastlands kwa sababu lilikuwa linanguruma kama pikipiki ya mlevi. Fundi akatandika katoni, akajilaza, akaingia chini, akatoka na habari mbili. Ya kwanza, gasketi ya ekzosi imeungua. Ya pili ilihusu katalitiki, kile kidubwana cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi, na aliisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekuuzia shamba la marehemu: "Mkubwa, hii katalitiki inakunywa mafuta bure. Nikuondolee, kuna jamaa ananunua. Gasketi itajilipa, na wewe utabaki na ya nyama."

Niliwaka. Waliokuwa wakinywa chai kwenye kibanda cha jirani naomba mniwie radhi, mlikuja kutafuta mandazi mkapewa mhadhara.

Lakini jamani, mnajua yale mafuta yamepitia nini hadi yakafika kwenye pampu ya mtaani kwenu? Mafuta ghafi hutoka ardhini na salfa yake. Zamani kiwanda kiliweza kuyachemsha, kikatenganisha petroli, dizeli na mafuta ya taa, kikauza, basi. Siku hizi mwenye kiwanda huko Ghuba tunakonunua hana uhuru huo. Anaipasha dizeli moto kupita nyuzi 300, anaichanganya na haidrojeni, anaisukuma kwa shinikizo kubwa ipenye kwenye punje za kobalti na molibdenamu. Haidrojeni inaing'ang'ania salfa, zinatoka pamoja zikiwa gesi inayonuka yai viza. Na hiyo gesi nayo haachwi aipulizie majirani: inageuzwa salfa ya manjano, ikauzwe kwa watengeneza asidi na mbolea. Mitambo hiyo si ya bei ya mchele. Anayeilipia ni wewe, kila tarehe 14 ukikodolea macho simu usubiri EPRA, wale wapanga bei ya mafuta, wakuambie habari mbaya.

Tangu 2015 Afrika Mashariki tumekubaliana dizeli isizidi salfa miligramu 50 kwa kilo. Ulaya walishafika 10 mwaka 2009, kwa hiyo tusijipigie makofi sana.

Na kabla hujaniandikia kuhusu Changamwe, kiwanda chetu cha kusafisha mafuta kule Mombasa: najua. Kila bei ikipanda kuna mtu anakililia kile kiwanda kama mjomba aliyekufa na siri ya urithi. Kilianza 1963, kikaacha kusafisha mafuta 2013. Essar ya India, iliyokuwa na nusu ya hisa, ilipiga hesabu ya kukifanya cha kisasa, ikaona hailipi, ikajitoa. Kilikuwa cha zama zake.

Sasa nirudi kwa fundi wangu. Kwa nini dunia inahangaika hivi na salfa? Moja ni mapafu yetu, sawa. Lakini sababu nyingine ndiyo hicho kidubwana alichotaka kukikata. Ndani yake kuna sega la kauri, vitundu vidogo kama la nyuki, limepakwa madini ya thamani: platini, paladi na rodi. Moshi wa petroli ukipita humo, kaboni monoksidi, ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani, inageuzwa kuwa kaboni dioksidi. Sega hilo lina adui wawili: risasi, yaani yale madini yaliyokuwa yakichanganywa kwenye petroli, na salfa. Marekani walipoanza kuyafunga kwenye magari ya 1975, petroli yenye risasi ikabidi ianze kupisha. Sisi huku tuliachana nayo kufikia 2006. Algeria ikawa ya mwisho duniani, na 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa likatangaza kwamba imekwisha kabisa. Likatangazia wapi? Gigiri. Hapa hapa. Unapanda matatu mbili tu kutoka kwa huyu fundi.

Yaani viwanda vimebadilishwa dunia nzima ili hilo sega liishi, na sisi tunalichokonoa kwa patasi tupate hela ya kilo mbili za nyama.

Haya, nikubali kidogo, ingawa sipendi. Katalitiki iliyoziba kweli hubana injini, na mpya ukiuliza bei utatafuta kiti. Hivyo fundi si mwongo kila siku. Na serikali? Kanuni za ubora wa hewa zipo tangu 2014, nimezisoma, ni nzuri mno, zimeandikwa kwa Kiingereza safi. Ila miaka yote niliyoendesha Nairobi sijaona mtu akiingiza kipimo kwenye ekzosi yangu. Tunakagua umri wa gari bandarini, lisizidi miaka minane, halafu likishatoka Mombasa hakuna anayeuliza kama bado lina viungo vyake vyote. Sheria inamkaba mwenye kiwanda, inamkaba mwenye meli, ikifika kwa fundi inakaa kwenye kibanda na kuagiza chai.

Matatu za Jogoo Road zinazotoa moshi kama zinachoma matairi, hizo nitaziandikia siku yake.

Hayo yote nilimwambia fundi, labda kwa ukali kuliko hivi. Alinisikiliza akifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Kisha akaniuliza swali moja: "Mkubwa, na hii tepu nyeusi hapa kwenye dashibodi umeweka ya nini?"

Nikamweleza kuwa taa ya injini iliwaka muda mrefu, fundi wangu wa zamani akasema ni kihisi tu, gari za Japani ndivyo zilivyo, akaifunika nisiwe nasumbuka. Miaka miwili hivi.

Akarudi chini na spana. Akagonga katalitiki. Nilitarajia mlio mzito. Ikalia kama debe la unga lililokwisha. Akaniita niinamie nione mshono wa kulehemu uliopita katikati ya lile bati, umeshashika kutu.

"Walishakupitia," akasema, na namshukuru hakucheka. Wale wa kwenye kibanda walicheka.

Nililipa gasketi.