Kushoto kwa Nani?

Gramu 180 za madini ya risasi, nilizotia puani mwa ndege yangu ya rimoti kusawazisha uzito, zilikuwa zinaniuma roho. Ndege yenyewe ni mfano wa Sopwith Camel, ile ya kivita ya Waingereza ya mwaka 1917, mabawa yamepandana kama kitanda cha ghorofa, pua fupi kama ya paka. Camel ya kweli ilibeba mbele injini nzito iliyozunguka pamoja na pangaboi lake, mizani ikakaa. Yangu injini yake inaenea kiganjani, basi mkia unaelemea. Na ndege ya mkia mzito huruka mara moja tu.

Nikaona heri nisogeze injini mbele milimita 15 kuliko kubeba uzito wa bure angani. Hapo sikukosea, naapa. Nikatia kipande cha mbao ngumu nyuma ya kiti cha injini, nikaweka bolti ndefu, nusu ya risasi ikatoka. Siku hiyo nilikuwa natembea kama mhandisi.

Ikabaki pembe. Injini haitazami mbele moja kwa moja. Huelekezwa nyuzi mbili hivi kulia na kidogo chini, maana ikishika kasi huivuta ndege kushoto na juu. Unatia washa, vile vipete vyembamba vya chuma, nyuma ya kiti cha injini, kwenye bolti za kushoto na za juu. Kushoto kwa rubani, lakini! Pua ilikuwa inanielekea, nikajipongeza: "Wewe si wa kunaswa. Inakutazama, kushoto kwake ni kulia kwako." Nikatia washa kulia kwangu na juu, nikakaza, kisha nikaipindua ndege isimame kwa magurudumu yake.

Uwanjani nikafungulia mafuta. Ikaruka kabla sijaiambia, pua mbinguni, ikalalia kushoto. Nikabana usukani wote kulia. Nikapunguza moto, wapi! Injini iliposogea mbele, waya wa eksileta nilikuwa nimeurefusha kwa kufungua skrubu ya kiungo chake mpaka mzunguko wa mwisho, nacho kikachomoka. Injini wazi, tangi limejaa.

Dakika kumi nzima ilizunguka kushoto, mimi chini nazunguka nayo, vidole gumba vimekufa ganzi. Camel ya kweli ilisifika kwa kukata kona ya kulia upesi. Yangu kulia haikupajua.

"Kijana," mzee mmoja akauliza, "kuna mtu inamtafuta huko?"

Mafuta yakaisha. Kimya. Papo hapo ndege ikanyooka, ikateleza taratibu na kutua kama unyoya. Sijawahi kutua vile tena. Watu wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kama mtu aliyekusudia.

"Baba," mwanangu akasema, "mbona inaruka vizuri injini ikizimika?"

Mzee akaichukua, akailaza chali mezani, akachungulia puani. "Ulipoifunga ilikuwa imelala hivi?"

"Hivyohivyo, mzee."

Akaweka bisibisi chini, akacheka mpaka akashika nguzo. Ndege chali, inayokutazama, kushoto kwake ni kushoto kwako. Na juu yake iko chini.

Mwanangu alikuwa bado anageuza kiganja huku na huku. "Kwa hiyo, Baba, si ungeirusha tu ikiwa chali?"

Mzee akanyamaza, akageuza kiganja chake naye, mara mbili.

"Mtoto hajakosea," akasema.