Mwanafunzi Anayehamia: Mwaka Uliopotea Aulipe Nani?

Pita Kansanga au Bunga jioni utasikia Kiswahili cha kila namna: cha Mombasa, cha Mwanza, na kile cha Goma, kule Kongo, kinachochanganya Kifaransa bila haya. Wengi wa wasemaji hao ni wanafunzi, na baadhi yao hawakuanzia chuo hapa Kampala. Walisoma mwaka mmoja au miwili kwingine, wakahama kwa sababu ya ada, ya familia, au ya vita. Goma ilipotekwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, masomo ya wengi yalikatikia njiani.

Wakifika wanakutana na swali moja: yale waliyofaulu huko yahesabiwe, au waanze upya?

Wanaosema waanze upya si watu wa roho mbaya. Shahada hubeba jina la chuo kinachoitoa. Katika udaktari, mwanafunzi akirukishwa fiziolojia, somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, kwa kuwa jina la somo limefanana, mwisho wake atamgusa mgonjwa. Tena Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lililoundwa kwa sheria ya 2001, hukagua programu za vyuo. Msajili anayeogopa kuja kuulizwa simlaumu.

Ila uangalifu huo nao una vituko vyake. Kongo hutoa alama juu ya 20, na anayepata 14 huhesabiwa miongoni mwa waliofanya vizuri sana. Zigeuze kwa kikokotoo, zinakuwa 70 kwa mia, na Makerere A huanzia 80. Kijana aliyepongezwa kwao anaonekana hapa kuwa wa kawaida tu, na hakuna aliyekosea hesabu.

Upande wa pili, wa wanaotaka yahesabiwe, hutaja Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, na baraza la vyuo vikuu la kanda lina makao yake hapa hapa Kampala. Kongo ilijiunga na Jumuiya 2022. Kwa nini basi cheti kigote mpakani? Hoja ni nzuri, lakini wanaodai kila kitu kihesabiwe huishia mlangoni. Hawamfuati mwanafunzi hadi darasani.

Mfuate. Kapokelewa mwaka wa pili wa uchumi, familia imefurahi. Kumbe anadaiwa takwimu ya mwaka wa kwanza. Kozi nyingi hufundishwa mara moja kwa mwaka, na ya takwimu imewekwa saa ile ile ya somo lake la mwaka wa pili. Anaiahirisha. Mwaka unaofuata anataka ekonometria, yaani kupima uchumi kwa takwimu, anaambiwa hawezi bila takwimu. Wenzake wanavaa majoho, yeye amebakiwa na kozi mbili, na bado kodi ya hosteli inamngoja. Wapo wanaokata tamaa hapo, karibu kabisa na mwisho, na mtu wa nje atasema walishindwa masomo.

Mimi naegemea upande wa kuhesabu, kwa sharti kwamba jibu litolewe kwa maandishi, somo kwa somo, kabla mtu hajalipa hata shilingi. Liambatane na ratiba inayoonyesha kozi anazodaiwa atazisoma muhula upi. Muhula wa Makerere, kwa mfano, ni wiki 17, mbili zikiwa za mitihani. Jibu likifika wiki ya sita, halimsaidii tena kupanga chochote. Na akiambiwa mapema kwamba ataanza upya, angalau atachagua akijua.

Kwa waliotoka vitani tatizo ni gumu zaidi, maana chuo kilichofungwa hakijibu barua za kuthibitisha alama. Hapo naona mtihani wa kumpima ungefaa: takwimu anayodai ameisoma, aifanye mbele ya mhadhiri wa takwimu. Kiingereza kitamsumbua, kwa hiyo apewe muda wa ziada, asisamehewe somo. Najua mhadhiri atataka posho ya kutunga na kusahihisha, na mhasibu atauliza itoke fungu gani. Aichukue kwenye ada. Mwanafunzi akiondoka, chuo kitapoteza ada ya mihula yote iliyobaki, na hiyo ni nyingi kuliko posho ya mtihani mmoja.