Kaseti ya mariaje usiitupe, hata kama CD yake iko

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Katindo, mtaa wa hapa Goma, aliniletea CD, ile VCD ya zamani yenye mikwaruzo kila upande, akaomba nimwekee picha iwe kubwa na safi juu mtoto wake amemnunulia tele mpya. Nikamuuliza, mama, kaseti yenyewe iko wapi? Akanijibu, "Tulishatupa kitambo, si ilikuwa tayari kwenye CD?" Nikanyamaza kidogo. Hilo jibu nimelisikia mara nyingi sana, na linaniuma juu kuna miaka ambapo mi mwenyewe njo nilikuwa nawaambia watu hivyo: CD imetoka, kaseti mnaweza kutupa.

Leo naandika kuyafuta hayo maneno.

Kuanzia 2003 mpaka 2007 nilifanya kazi kwenye studio ndogo hapa Goma, chumba kimoja cha mbao kimejengwa juu ya lava yenyewe ya 2002, ile ya mlima Nyiragongo, chini ni mawe meusi tumetandika turubai. Tulikuwa na magnetoskopu mbili, zile mashini za kuchezea kaseti, ordinatere (kompyuta) moja Pentium III, disiki ya GB 20, na karte ya kuingizia picha yenye chip ya Bt878, ile ya bei ndogo iliyouzwa kama karte ya tele. Watu walileta kaseti za VHS, mariaje, dote, ubatizo, matanga, kwaya ya parokia, sisi tunawapa VCD. Ilikuwa kazi ya heshima na naipenda mpaka leo, watu walikuwa wametoka tu kupoteza nyumba na albamu zao kwenye moto wa mlima, kaseti iliyobaki ilikuwa kama mtu wa familia.

Sasa niwaeleze kilichokuwa kinatokea ndani ya ile mashini, juu wateja hakuna aliyewaeleza.

Picha ya kaseti ya PAL, ule mfumo wa tele wa nchi nyingi za Ulaya, ukiiingiza yote bila kubana, yani bila kuipunguza uzito, ni mistari 576, kila mstari nukta 720, picha 25 kila sekunde, kila nukta inakula baiti 2. Piga hesabu, ni karibu MB 20.7 kwa sekunde moja tu. Saa moja ya mariaje ni kama GB 75. Disiki yetu nzima ilikuwa GB 20 na Windows nayo imelala mule mule! Kwa hiyo ilikuwa lazima ubane palepale picha inapoingia, hakuna kusubiri, na Pentium III ukiipa picha ya ukubwa kamili iibane huku inaandika kwenye disiki ilikuwa inashindwa njiani, inaanza kuruka picha. Kwenye VirtualDub, programu tuliyoingizia video, kulikuwa na namba pembeni inayohesabu picha zilizoruka, mi nilikuwa nakaa mbele ya ile namba saa nzima kama mtu anayemlinda mgonjwa, nakataza mtu asiguse mausi, asifungue hata folda, juu folda moja ikifunguliwa unaona namba inatoka 0 inakwenda 14. Na kaseti iliyochakaa yenyewe inaleta shida, mapigo yanayopanga mistari ya picha yanayumba, karte inapotea, picha inaruka tena. Halafu karte ya picha na karte ya sauti kila moja inafuata saa yake, zinatofautiana kidogo sana, ila baada ya saa moja unaona padri amefunga mdomo na sauti bado inabariki.

Njo tukafanya kama studio nyingi zilivyofanya, tukaingiza picha nusu: 352 kwa 288. Ilionekana sawa juu tele za wakati ule zilikuwa ndogo. Lakini ile nusu si ndogo. Picha ya PAL inakuja kwa vipande viwili, mistari isiyogawanyika kwanza halafu inayogawanyika, vipande 50 kila sekunde, na ukichukua mistari 288 tu unatupa kipande kimoja kwa kila viwili. Yani nusu ya mwendo wote wa siku ile, kila mkono uliopungwa, kila hatua ya kucheza, unaimwaga chini kabla hata hujaanza kubana.

Na tusidanganyane, si sisi wa Goma tu tulioteseka. Apple walipotoa QuickTime mwaka 1991, na Microsoft wakafuata na Video for Windows mwaka 1992, video ya kwenye ordinatere ilikuwa kama stempu ya barua, nukta 160 kwa 120, mara nyingi picha 15 kwa sekunde, na hiyo ni huko kwenye mashini za pesa nyingi. CD za mwanzo zilisomwa kwa KB 150 kila sekunde. Weka MB 20 upande huu na KB 150 upande ule, njo utaona mlima waliokuwa wanaupanda. MPEG-1, njia ya kubana video, ilipochapishwa mwaka 1993 ilitengenezwa hasa ili picha na sauti zipite kwenye ule mlango mwembamba wa CD, na VCD ikapewa kilobiti 1150 kwa sekunde kwa ajili ya picha. Ukilinganisha na ile PAL nzima, ni kubana mara 144.

Mara 144! Mi ile namba bado inanishangaza, na wale watu nawaheshimu kwa moyo wote. Msingi wake uko kwenye hesabu ambayo Nasir Ahmed, mzaliwa wa India, pamoja na Natarajan na Rao waliiandika mwaka 1974: unachukua mraba mdogo wa nukta 8 kwa 8, unatenganisha rangi nzito ambazo jicho linaziona kwanza na vile vitu vidogovidogo vya ukingoni, halafu vile vidogo unavipunguza au unaviacha. MPEG ikaongeza akili nyingine: haiandiki kila picha nzima, inaandika moja nzima halafu zinazofuata inasema tu ni mraba gani umesogea na umesogea kwenda wapi. Mtu akikaa anatoa hotuba hakuna kinachosogea isipokuwa mdomo, kwa hiyo VCD inatosha kabisa na inapendeza. Lakini kameramani akigeuza kamera haraka kila kitu kinabadilika kwa mara moja, na posho ni ile ile, kilobiti 1150, hakuna nyongeza. Hapo mashini inafanya kama mama mwenye sahani moja ya bugali na watoto kumi na wawili, kila mmoja anapata tonge. Picha nzima ya VCD ni miraba 396 ya nukta 16 kwa 16, na kila mraba unabaki na rangi tu, sura inakwenda.

Kwenye kaseti yetu hicho njo kilitupata.

Kaka yangu mkubwa alifunga ndoa mwaka 1999, sherehe ikafanyika nyumbani kwetu Birere. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ikashuka, ikapita kwenye uwanja wa ndege, ikakata katikati ya mji mpaka ziwani, na nyumba yetu ikaenda pamoja na picha zote za ukutani. Kaseti ilipona juu mama mdogo alikuwa ameiazima kwenda nayo Bukavu. Mwaka 2003 nikaiingiza mi mwenyewe kule studio. Na kuna fasi moja, sekunde nne tu, kameramani anatoka saloni ya nyumba anageuza kamera kwa haraka kutoka kwenye geti mpaka jikoni, halafu anarudi ndani kwa bibi harusi. Hizo sekunde nne njo video pekee tuliyo nayo ya nyumba yetu kwa nje. Na pale nyuma, mbele ya mlango, babu amekaa. Babu alifariki mwaka uliofuata ile mariaje.

Kwenye VCD babu ni miraba miwili. Mmoja wa rangi ya udongo, mwingine wa kijivu, halafu anayeyuka ukutani. Watoto waliozaliwa nyuma ya lava, wa kaka, wa dada, wangu, wote wamemjua babu yao kama miraba miwili, tunawaonyesha kwa kidole, huyo hapo, hapana, ameshapita, rudisha. Na ni mi nilimbana. Nikamrudishia mama mdogo kaseti yake nikamwambia unaweza kuitupa.

Sasa kuna wanaoniambia siku hizi, lakini wewe, si kuna akili bandia, unaiwekea hiyo VCD inakurudishia picha safi ya HD? Nimejaribu. Ilinipa mzee mmoja mzuri sana, ana macho, ana ndevu fupi, ana kola ya shati. Si babu yangu. Ile programu haijui babu alikuwa na sura gani, imechukua wazee wa watu wengine ikamtengenezea mmoja, na kitakachoniogopesha ni kwamba baada ya miaka ishirini watoto watabishana na mi kwamba yule njo babu juu "anaonekana vizuri". Kilichotupwa wakati wa kubana hakiko mule ndani, hakuna dawa. Ni afadhali ile miraba miwili, angalau haitudanganyi. Na wale wanaosema video yao iko salama kwenye WhatsApp, jamani, WhatsApp nayo kwa kawaida inabana video unapoipakia, shangazi anamtumia kaka, kaka anaipakia upya kwenye gurupu la familia, mwisho mnabaki na ukungu.

Dawa ni kurudi kwenye kaseti yenyewe. Kwa hiyo mwenye kaseti chini ya kitanda, iwe Goma, iwe Bukavu, naomba aitoe sasa, juu ziwa letu ni zuri ila unyevu wake unazaa ukungu mweupe kwenye utepe, na magnetoskopu nzima zinazidi kupotea kila mwaka. Mwambie fundi akuingizie ukubwa kamili, 720 kwa 576, vipande vyote viwili, kwa codec, yani njia ya kubana, isiyotupa kitu kama Huffyuv ya Ben Rudiak-Gould. Saa moja itakula GB 30 na kidogo, na leo hiyo si kitu kwenye disiki ya TB 1, zile za kwetu za GB 20 zingelia. Hilo faili kubwa unaliweka, haliguswi. Ya kutuma kwenye simu utatoa kopi ndogo kutoka humo, hata mia, kila mara unaanzia kwenye ile kubwa. Na kaseti yenyewe unairudisha kwenye sanduku.

Mama mdogo hakunisikiliza mwaka 2003, namshukuru Mungu. Mwaka huu nimepanda boti mpaka Bukavu, nikafika kwake Kadutu, akainama chini ya kitanda akavuta sanduku la vitenge, kaseti iko katikati ya vitenge imefungwa kwenye foronya. "Si uliniambia nitupe?" akaniuliza. "Mi nilikuona bado mutoto."

Ilikuwa na ukungu pembeni. Nikafungua vile visikurubu vitano, nikasafisha taratibu, jioni mbili nzima. Usiku wa tatu nikaingiza, juu mchana kurani (umeme) inakatika hovyo, na hata usiku niliweka betri. Picha ikatoka nyeusi na nyeupe! Moyo ukanidunda, nikafikiri rangi zimekufa, kumbe programu ilikuwa kwenye SECAM, mfumo mwingine wa tele, juu tele ya kwetu ilikuwa SECAM tangu enzi za Zaire nami nilikuwa nimezoea kuiacha hapo. Kamera ya ile mariaje ilinunuliwa Ubelgiji, na Ubelgiji walikuwa wanatumia PAL. Nikabadilisha, rangi zikaingia zote pamoja, nyekundu ya mashada ikawa inavuja kidogo pembeni kama VHS inavyofanya.

Nikamwita mama. Nikamwekea zile sekunde nne, si kwa mwendo wa kawaida, ni kipande kwa kipande, viko mia mbili. Geti. Ukuta wa mawe. Mti wa avoka ambao nilikuwa nimesahau kama tulikuwa nao. Kipande kama cha 120 hivi babu anaingia, anayumba juu kamera inakwenda mbio, lakini ni yeye, ameshika kikombe, mguu mmoja umewekwa juu ya mwingine kama alivyokuwa anakaa. Nyuma yake mlango. Mi siku zote niliwaambia watoto ule mlango ulikuwa kijani.

"Kijani gani?" mama akasema. "Ile iko bleu. Nilipaka miye mwenyewe, wiki ya mariaje, rangi haikutosha chini."

Nikaangalia chini ya mlango. Kweli, haikutosha. Mama akanikataza kwenda mbele, akavuta kiti karibu na ekra.