Ati Amekataa

Wifi yangu alikaa juu ya kile kitanda cha kupimia wanawake kliniki dakika nne. Najua kwa sababu nilikuwa nje ya pazia nimeshika mkoba wake, viatu vyake na mtoto wake, na mbele yangu kulikuwa na saa ya ukutani. Aliingia saa nne na dakika kumi. Saa nne na robo haijafika, alikuwa ametoka, leso imefungwa vibaya, anatafuta viatu kwa miguu bila kutazama chini. Hakulia. Kilio kilikuja baadaye, nyumbani Bondeni, hapa Nakuru, akimenya viazi.

Lakini si kilio kilichoniketisha kuandika. Ni kadi. Sista aliirudisha kupitia kidirisha, na kando ya tarehe alikuwa ameandika neno moja la Kiingereza, maana yake "amekataa".

Amekataa nini? Kukataa ni jibu, na jibu hutanguliwa na swali. Nilikuwa hatua mbili kutoka pale, pazia ni kitambaa wala si ukuta, na swali sikulisikia. Nilichosikia ni hiki, kwa mpangilio huu: "Panda." "Vua yote." "Sogea chini. Chini zaidi." "Fungua." Kisha mlio wa chuma kwenye sahani. Kisha "legeza, mama". Kisha "si nimesema legeza?" Halafu, kwa sauti iliyofika mwisho wa benchi: "Kwani huyo mtoto ulimzaa kwa mdomo?"

Benchi likacheka. Kuna mama alicheka mpaka akashika mbavu, na yeye mwenyewe alikuwa wa tatu kwenye foleni. Sijui alidhani atalazwa kitanda gani.

Katikati ya hayo wakaingia vijana watatu wa kiume, makoti meupe yamepigwa pasi, daftari mkononi. Wanafunzi. Bondeni kwetu kijana anayetuletea maji kwa mkokoteni hupiga hodi, na mitungi ni yetu na tumemwita wenyewe. Akipiga ya tatu bila jibu, huiacha mitungi mlangoni akaenda zake. Hawa walivuta pazia kama mtu anayechungulia kuona mvua imeacha. Hapo ndipo wifi alipoteremka.

Sasa hilo neno legeza. Nimeambiwa nilegeze tangu nina miaka kumi na tisa, na sijawahi kufaulu hata mara moja kwa kuambiwa. Misuli ya huko haipokei amri. Ukiogopa inajikaza yenyewe, kama jicho linavyofumba vumbi likija, na sijaona mtu akimfokea mwenzake "fumbua jicho!" huku amemshikia kijiti usoni. Legeza ya pili inakaza kuliko ya kwanza. Chuma kinaingia kwenye msuli uliokaza, kinauma, maumivu yanaukaza tena, na aliyekishika anaona mbele yake mwanamke mkaidi. Anaandika kwenye kadi. Anaita mwingine.

Na msiniambie hakuna namna nyingine, kwa sababu nimeiona.

Miaka minne iliyopita nilienda kutolewa koili ya kupanga uzazi kwenye zahanati moja ndogo upande wa Njoro. Sista alikuwa kijana, umri wa mpwa wangu, nikasema moyoni leo nimekwisha. Kabla sijavua chochote alitoa kwenye droo spekulamu, kile chuma cha kufungulia uke, ya zamani iliyovunjika skrubu, akaifungua na kuifunga hewani. "Mdomo wa bata," akasema, akanipa niishike. Niliigeuza geuza. Miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kukiona kile kitu, nilikijua kwa ubaridi wake tu. Kisha akachukua ile ya kazi, ndogo kidogo, akaimwagia maji ya uvuguvugu kutoka kwenye thermos. Akaniambia: "Mama, nitasema kila ninachofanya kabla sijakifanya. Ukisema ngoja, nangoja. Ukisema toa, natoa, hata kama nimebakisha kidogo tu. Tuendelee?"

Nikasema tuendelee. "Sasa naweka mkono kwenye goti lako." Goti! Mimi niliyezoea kushtukizwa katikati, naarifiwa habari za goti. "Usijilazimishe kulegeza. Vuta pumzi, itoe polepole, acha makalio yaegemee kitanda." Njiani nikasema ngoja. Haikuwa imeuma, nasema ukweli. Nilitaka kujua kama ni maneno tu. Mkono ukasimama palepale. Hakuguna, hakutazama saa. Nilipoona kweli anangoja, kitu kikafunguka mwilini ambacho sikukifungua mimi. Koili ikatoka nikiwa bado nakishangaa. Iliuma kidogo, kama tumbo la hedhi.

Yale maneno yake yote nimeyapima kwa simu. Hayafiki hata nusu dakika.

Najua mtakavyonijibu: masista ni wachache, foleni ni ndefu, mshahara unachelewa, migomo haiishi. Sawa. Nakubali, tena bila furaha, kwamba yule sista wa Jumanne huenda tangu asubuhi hajaonja hata chai. Lakini "kwani ulimzaa kwa mdomo" nayo inatumia pumzi. Kama kuna muda wa kutukana, muda wa kuuliza haukukosekana. Na wanafunzi lazima wajifunze, ndiyo, nami nisingependa mjukuu wangu azalishwe na mtu aliyeona nyonga kwenye picha tu. Basi wajifunze kwanza kusema jina na kuomba. Mimi binafsi ningewakubalia wawili. Watatu wote, hapana.

Wengine watasema shida ni wanaume. Walionifokea maishani mwangu, karibu wote ni wanawake wenzangu.

Kile chuma kina ukoo wake. Binti yangu aliyeko chuo ndiye aliyenitajia James Marion Sims, daktari wa Alabama, Marekani, ambaye vitabu vilimwita baba wa tiba ya wanawake na ambaye alibuni spekulamu ya namna yake. Miaka ya 1840 aliwapasua tena na tena wanawake watumwa, bila dawa ya usingizi. Majina matatu yamebaki: Anarcha, Betsey, Lucy. Watumwa hawakuwa na hapana ya kisheria. Ruhusa ilitoka kwa aliyewamiliki. Sanamu yake iliondolewa Central Park, New York, mwaka 2018. Niliposikia habari hiyo ya mwenye mali kuulizwa badala ya mwenye mwili, nikakumbuka siku niliyoenda kuwekwa koili ya kwanza, nikaambiwa nirudi na mume. Hilo nisilianze leo, tutakesha.

Sheria tunazo, tena nzuri. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 28, utu wa mtu uheshimiwe. Sheria ya Afya ya 2017 inataka uelezwe unachofanyiwa, faida yake, hatari zake, na kwamba una haki ya kukataa, tena kwa lugha unayoielewa. Wifi yangu hakuelezwa kwa lugha yoyote. Waliozungumza juu yake walizungumza Kiingereza, na alipoelekezwa Kiswahili aliambiwa "huko". Sogeza huko, panguza huko. Sisi wenyewe tumechangia hapa. Tumeona haya kutamka uke mpaka mtu anachunguzwa mahali ambapo hapana jina, na anauguza mahali asipoweza kupataja kwa daktari.

Na asidhani mtu kwamba mambo haya huishia kwenye benchi. Mama mmoja alijifungulia sakafuni hospitalini Bungoma mwaka 2013, akitukanwa na kupigwa makofi na wauguzi, na mtu akainasa kwa simu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Yeye alikuwa na video. Wifi yangu ana kadi inayosema amekataa.

Hili ndilo linalonichoma. Alikuwa ameenda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Ugonjwa huo unaua wanawake zaidi ya 3,000 kila mwaka katika nchi hii, na ni ule ambao ukiwahiwa kabla haujawa saratani unazuilika, maana huchukua miaka mingi kukomaa. Kipimo chenyewe ni siki: unapakwa, unangojewa dakika moja, sista anaangalia kama pamegeuka weupe. Dakika moja! Kila Januari tunabandikiwa mabango, mwanamke anatabasamu, jitokeze mama. Shirika la Afya Duniani linataka ifikapo 2030 wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kufikia umri wa miaka 35, kisha tena kufikia 45. Wifi ana miaka 34. Alijitokeza. Aliomba ruhusa kazini, akaoga mara mbili, akavaa leso mpya. Watakapokaa mkutanoni kuulizana kwa nini wanawake hawaji, mmoja atafungua faili na kusoma kwamba huyu alikuja akakataa. Wataongeza mabango.

Mwongozo wa taifa wa 2018 unaruhusu mwanamke ajichukulie mwenyewe sampuli ya kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, kwa kijiti. Ulizeni kituo chenu kama wanacho.

Kuna jambo lingine, nalisema mara moja tu. Huu ni mji wa Nakuru. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, tulikuwa hapa. Kuna wanawake kwenye hayo mabenchi ambao neno "fungua" waliwahi kuambiwa na watu wengine, usiku mwingine, na hawatalieleza hilo kwa sista wa foleni, wala hawapaswi kulieleza ndipo watendewe kwa upole. Huwezi kumtambua kwa kumtazama. Kwa hiyo unauliza kila mtu. Sisemi wifi yangu ni mmoja wao. Sijamuuliza na sitamuuliza.

Nilipiga simu Njoro. Yule sista alishahamishwa, lakini aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tuje Alhamisi mapema kabla watu hawajajaa. Nimemwambia wifi abebe leso yake mwenyewe ya kujifunika, asivue soksi, na kabla hajapanda kitanda aseme: "Niambie kwanza unachotaka kufanya." Jana jioni alikuwa jikoni anafanya mazoezi, mbele ya sufuria ya ugali, mwiko mkononi.

"Niambie kwanza," akasema. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mtoto akacheka, akadhani ni mchezo, akaanza kuirudia kwa sauti kubwa nyumba nzima.