Statasi ya bosi: mfanyakazi kuwa balozi wa kampuni ni kazi au ni hiari?

Siku hizi ukikaa na watu walioajiriwa hapa Tanga, iwe bandarini, viwandani Pongwe, mabenki ya mjini au hata shule binafsi, utasikia kitu kimoja, eti kila mfanyakazi ni balozi wa taasisi. Linasemwa vikaoni, linachapwa kwenye tisheti, halafu likishuka huku chini linakuwa meseji ya saa tatu usiku kwenye grupu la WhatsApp: jamani posti mpya imetoka, kila mtu aweke statasi, asubuhi nataka skrinishoti. Na watu wanaweka kweli. Ila wengi wanaingia kwanza kwenye faragha ya statasi wanachagua ionekane na watu wawili tu, bosi na afisa utumishi, basi kazi imeisha, tangazo limewafikia walewale waliolitunga.

Inachekesha, lakini tusiishie kucheka, maana waajiri nao wana hoja na tena nzito.

Tanga watu wanajuana bana. Ngamiani barabara zina namba lakini mtu anatambulika kwa anakofanya kazi, yule wa maji, yule wa umeme, yule wa bandari. Siku unayoajiriwa umeshakuwa msemaji utake usitake, kinyozi atakuuliza, shemeji atakuuliza, kwenye daladala mtu usiyemjua akiona kitambulisho kifuani atakuuliza mbona kwetu hayatoki. Chukua mfano wa mwaka 2024, Tanga UWASA, yaani mamlaka ya maji ya hapa, walipotoa hatifungani ya kijani ya miaka 10, yaani kukopa hela kwa watu kwa mradi unaojali mazingira, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, wakitafuta shilingi bilioni 53.12 za kupanua miundombinu ya maji. Hivi kweli mtu wa Makorora au Chumbageni atakaa asome waraka mzima wa kurasa na kurasa? Atamfuata jirani yake anayefanya kazi pale, atamuuliza we bwana, mi nikiweka hela yangu itarudi? Na akimuona jirani anababaika, bango la barabarani halimsaidii kitu.

Kwahiyo ile ya "kazini ni kazini, nikitoka mimi ni mimi tu" kwa mji kama huu haisimami sana. Wengine wanakujibu chema chajiuza kibaya chajitembeza, maana yake toeni huduma nzuri watu watakuja wenyewe. Hapo sikubali moja kwa moja. Kuna huduma nzuri kibao zimedorora kwasababu wanaozitoa hawawezi kuzieleza, ukiwauliza bei wanakwambia subiri meneja, ukiwauliza masharti ya mkopo wanakupa kipeperushi.

Sasa ya upande wa wafanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na 9 kwa siku, ovataimu nayo isizidi saa 50 ndani ya wiki nne na ilipwe si chini ya mara moja na nusu. Najua hakuna mtu atakwenda CMA, ile tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, kudai ovataimu ya dakika moja ya kuposti, tutakuwa tunataniana. Lakini simu ni yake, bando kanunua mwenyewe, na waliomo kwenye ile simu ni mama yake, mashoga zake, kijana aliyesoma naye. Sare ya kazi jioni unaivua, ile statasi inakaa saa 24 jina lako likiwa juu yake, na kesho kampuni ikimdhulumu mteja watu hawatakwenda ofisini, watakuja kwako, wewe ndo uliyesema ni bora.

Na watu si wajinga, wananusa. Mwaka 2018 huko Marekani ilijulikana kwamba Amazon ina wafanyakazi wa maghalani waliopewa akaunti za Twitter kwa kazi ya kuisemea vizuri kampuni. Mtu akilalamika kwamba kule ghalani hata muda wa kwenda chooni ni shida, anatokea "balozi" anasema mbona mimi naenda nikitaka, mbona mimi nina furaha. Walivyokuwa wanaongea kwa mpangilio mmoja watu wakaanza kuwacheka, baadae zikafunguliwa akaunti feki za kuwaigiza, ikafika mahali huwezi kujua yupi mfanyakazi kweli na yupi anafanya masihara. Mwaka 2022 gazeti la Financial Times likaripoti kwamba mpango wenyewe umeshafungwa kimyakimya. Kampuni yenye hela kiasi kile, imeshindwa kununua kitu ambacho muuza chai wa Mkwakwani anakipata bure akimhudumia mtu vizuri.

Mimi kwa maoni yangu kosa linaanzia hapa: kampuni inampa mfanyakazi maneno ya kusema wakati alichokosa yeye ni habari na ruhusa ya kutatua jambo. Hebu nenda asubuhi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, Muheza kwa mfano, utaelewa ninachosema. Mfugaji kafika na dumu lake la lita kumi nyuma ya baiskeli. Mpokeaji anachovya laktomita aone kama yameongezwa maji, halafu anachukua maziwa kidogo anachanganya na spiriti kiasi kilekile, anatikisa, yakikatika vipandevipande hayapokelewi maana yameshaanza kuchacha. Kuna mpokeaji atasema "rudi nayo, anayefuata". Na kuna mwingine atamuinulia kile kichupa, "mzee wangu tazama mwenyewe, unaona yalivyoshikana? ulikamua saa ngapi? hili dumu la plastiki ndo linakuponza, halioshwi likatakata, kopa keni ya aluminiamu tutakukata kidogokidogo". Hasara ya yule mzee ni ileile, lita zake kumi anarudi nazo. Ila wa kwanza anamrudisha nyumbani akisema wale wezi, wa pili anamrudisha akiligombeza dumu, na kesho yake anawahi.

Huyo wa pili hakuna aliyemwita balozi. Alifundishwa kusoma kipimo akakielewa, akapewa dakika mbili za kueleza, na ana mamlaka ya kusema tutakukata kidogokidogo bila kupiga simu Tanga mjini. Mwekee foleni ya watu arobaini na msimamizi anayefoka, halafu uone, na yeye ataanza rudi nayo, anayefuata.

Kuna hoteli zinaitwa Ritz-Carlton, zinasifika kwa utaratibu kwamba mfanyakazi yeyote, hata anayetandika vitanda, anaruhusiwa kutumia hadi dola 2,000 kumalizia tatizo la mgeni mmoja bila kuomba kibali. Sisemi wenye gesti za Raskazone wawape wahudumu dola elfu mbili, tutafunga biashara wiki hiyohiyo. Lakini elfu ishirini? Mhudumu aone feni ya mgeni imeharibika, amhamishe chumba na ampe chai ya asubuhi bure bila kumuamsha bosi. Hapo mhudumu atakuwa na la kusimulia, na atasimulia bila kuombwa skrinishoti.

Habari nayo ni hivyohivyo. Wafanyakazi wengi wanasikia mambo ya ofisi yao kwenye redio au kwa jirani, bei imepanda, tawi linafungwa, meli haiji. Ukishamuaibisha mtu hivyo mbele ya shemeji yake usimtegemee akusemee. Waambieni wao kwanza, hata kama habari ni mbaya, hasa ikiwa mbaya.

Zawadi kwa anayeposti sana? Mi siiungi mkono. Ukishaweka bonasi utapata posti nyingi na ukweli kidogo, na yule mkimya wa stoo anayefanya kazi yake vizuri ataonekana haipendi kampuni. Tena kuna hatari ya kisheria kabisa, mtu akiwa na haraka ya kuposti atapiga picha kaunta au wodini, sura za wateja na wagonjwa zinaonekana, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kuna wenzangu wanasema basi ifanywe hiari, ila hiari ya Kibongo tunaijua, jina lako likikosekana kwenye orodha unaulizwa. Labda ianze hivi, bosi atoke kwenye hilo grupu kabisa, na ukomo uwe wazi kwamba mtu haruhusiwi kutoa siri za wateja lakini pia haadhibiwi kwa kukataa kusifia. Akijua kuna uchafu unafanyika aripoti panapohusika, sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ipo, asiambiwe anaichafua nembo.

Wanaosahaulika kabisa kwenye mijadala hii ni walioacha kazi. Kijana akitafuta ajira mahali hamuulizi aliyemo ndani, anajua huyo anaogopa, anamuuliza aliyetoka. Na aliyetoka anakumbuka zaidi wiki za mwisho: alilipwa siku za likizo zilizobaki au aliambiwa njoo Jumatatu, kila Jumatatu? Cheti cha utumishi ni haki yake chini ya ile sheria ya 2004, lakini wapo wanaokifuatilia miezi, na kila wakirudi mikono mitupu wanapitia kwenye kijiwe cha kahawa. Kampuni ikiwa na hela ya kuchapisha tisheti mia, ingeanza na hivyo vyeti, karatasi moja moja tu na saini ya mtu ambaye yupo ofisini kila siku.